Nyumba Iliyowekwa Rahani na Mahakama Isiyo na Mamlaka

 

Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ametuandikia barua ya kurasa tatu kuhusu binti yake aliyeolewa Embu. Mkwewe alichukua mkopo wa kuendeshea biashara ya kusafirisha miraa kutoka Maua, akaweka rahani shamba la ekari mbili kando ya barabara iendayo Runyenjes. Juu ya shamba hilo ndipo ilipo nyumba wanamoishi yeye, mkewe na watoto wanne. Biashara ikaanguka. Benki ikaleta ilani yake, kisha dalali akaleta yake. Mkwe akakimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Embu, akapata agizo la kuzuia mnada, na familia ikalala usingizi kwa muda wa miezi minane. Hatimaye wakili wa benki akasimama na kusema kwamba mahakama ile haina mamlaka ya kusikiza shauri lile tangu mwanzo. Sasa wanangoja uamuzi.

Mama huyu anatuuliza mambo matatu. Je, kesi haiwezi kuhamishwa tu ikapelekwa kwa jaji anayestahiki, pasina kuanza upya? Je, haiwezi kuletwa Mombasa, ambako wanaye jamaa yao wakili? Na je, kwa kuwa mume na mke ni Waislamu na ndoa yao ni ya Kiislamu, kwa nini wasiende kwa Kadhi?

Tumeona tumjibu hapa badala ya kumjibu kwa faragha, kwani barua za namna hii zimetufikia zaidi ya moja mwaka huu, na karibu zote zimeandikwa na wanawake. Uingereza iliipiga marufuku miraa mwaka 2014, na soko la Somalia likafungwa mwaka 2020 hadi 2022. Waliokopa kwa kutegemea ndege za Mogadishu walijikuta wana deni na hawana mnunuzi. (Hukumu ya miraa yenyewe tumekwisha kuieleza katika safu hii, na waliokasirika nasi wangali wamekasirika. Leo si siku yake.) Sisi si mawakili. Tuliyoyaandika hapa tumeyatoa katika sheria zenyewe na katika hukumu za mahakama zilizo wazi kwa umma, na aliye na kesi asiache kumwendea wakili wake.

Na tuanze na neno lenyewe, rahani. Wazee wetu hawakulipata neno hili benki, ni neno la fiqhi, na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliweka deraya yake rahani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumbani kwake. Kuweka rahani, basi, si aibu wala si haramu. Kilicho haramu ni riba inayofungamanishwa nayo, na hapo hatuna la kupunguza. Lakini tunapenda kusema jambo ambalo baadhi ya wenzetu katika mimbari hulisahau: mtu akikosea kwa kuchukua mkopo wa riba, kosa lake halimwondolei mkewe haki ya kupewa ilani, wala haliwaondolei watoto haki ya kusikizwa kabla ya kutolewa nje. Tumesikia ikisemwa, “Alijitakia.” Huenda alijitakia yeye. Mtoto wa miaka sita hakutia saini popote.

Katika fiqhi, mwenye kukopesha hageuki kuwa mmiliki wa rahani kwa sababu tu siku ya kulipa imepita. Rahani huuzwa, deni likalipwa, na kilichobaki kikarudi kwa mwenyewe. Ajabu ni kwamba sheria ya Kenya katika jambo hili haiko mbali na fiqhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, benki haiimiliki nyumba iliyowekwa rahani. Inashikilia haki ya kuiuza kwa masharti, na ziada ya mauzo ni ya mkopaji. Ni vyema kulikumbuka hili, maana ndipo ugomvi wa mahakama ulipoanzia.

Kabla ya Katiba ya mwaka 2010, mzozo wa rahani ulikwenda Mahakama Kuu bila swali. Katiba ile, katika kifungu cha 162, ikaamuru iundwe mahakama yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu kwa ajili ya mazingira, matumizi ya ardhi, umiliki wake na hati zake. Kifungu cha 165 kikaikataza Mahakama Kuu kugusa mambo yaliyotengewa mahakama hiyo mpya. Sheria ya kuiunda ikapitishwa mwaka 2011. Tangu hapo miji kama Meru na Embu ikawa na majaji wa aina mbili, walio sawa kwa cheo, na hakuna aliye mkubwa wa mwenziwe. Mwananchi wa kawaida akiambiwa kuwa kesi yake ni ya shamba, huenda kwa jaji wa ardhi. Nani angefikiri vinginevyo? Hati miliki ni ya shamba, dalali atauza shamba, na atakayetolewa atatolewa shambani.

Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika rufaa iliyoletwa na Benki ya Co-operative, ilisema vinginevyo. Majaji walitazama maana ya “matumizi ya ardhi,” wakaona kwamba kutumia ardhi ni kulima, kujenga, kuishi, kupitisha njia. Kuweka hati rahani si kuitumia ardhi. Ni kuifanya dhamana ya fedha. Ugomvi ukiwa ni kiasi gani kinadaiwa, riba imehesabiwa vipi, na kama benki ina haki ya kuuza, basi ni ugomvi wa fedha na mkataba, na mahali pake ni Mahakama Kuu. Tangu uamuzi huo, mawakili wa benki wamekuwa na silaha nyepesi: hawana haja ya kujibu kama mteja wao alitoa ilani au hakutoa, husema tu kwamba mlango uliobishwa si wenyewe.

Kwa maoni yetu, uamuzi ule una mantiki katika vitabu na una uzito mkubwa kwa wanyonge. Mwenye shamba la ekari mbili hatofautishi ardhi na dhamana juu ya ardhi. Lakini ndio sheria iliyopo, na kazi yetu ni kuieleza ilivyo.

Tuje sasa kwenye swali la kuhamisha. Kuhamisha kesi kupo katika sheria za Kenya. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 18, inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuiondoa kesi mbele ya hakimu mmoja na kuipeleka kwa mwingine, au kuichukua yenyewe. Mfano, kesi imefunguliwa kwa hakimu anayestahiki, kisha likatokea jambo la kuhofia kwamba haki haitatendeka pale. Mtu anaweza kuomba ihamishwe. Lakini tangu uamuzi wa Uganda wa mwaka 1968, ambao mahakama zetu zimeufuata miaka yote hii, kuna sharti: kinachohamishwa lazima kiwe kesi iliyofunguliwa mahali penye mamlaka. Kesi iliyofunguliwa mbele ya mahakama isiyo na mamlaka huhesabiwa kana kwamba haikufunguliwa, na kitu kisichokuwapo hakihamishwi. Hakimu mkuu, kwa mfano, mwisho wake katika madai ya fedha ni shilingi milioni 20. Aliyefungua kesi ya milioni 35 mbele yake hana cha kuhamisha.

Msingi wa ukali huu watu wa Pwani wangepaswa kuujua kuliko wengine, kwa kuwa ulitokana na shauri la meli. Mwaka 1989, katika kesi baina ya wenye meli iliyoitwa Lillian S na kampuni ya mafuta ya Caltex, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufaa alieleza kwamba mamlaka ndiyo kila kitu, na jaji akishaona hana mamlaka, huweka vifaa vyake chini papo hapo na hachukui hatua nyingine hata moja. Mahakama ya Juu nayo iliyatilia nguvu maneno hayo mwaka 2012 iliposema kwamba mamlaka ya mahakama hutoka katika Katiba au sheria, na mahakama haiwezi kujipa yenyewe. Kisha mwaka 2017, katika rufaa ya jinai iliyosikizwa Malindi na majaji wawili ambao mmoja wao alikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mahakama ya Juu ilisema kuwa usawa wa cheo haumpi jaji wa ardhi ruhusa ya kukaa katika shauri la Mahakama Kuu. Rufaa ile ikabidi isikizwe tena. Wale walikuwa wamehukumiwa kwa wizi wa mabavu, na bado mahakama ilitazama mlango kwanza.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba majaji wa chini hawakuwa na kauli moja. Wako waliokubali kuipeleka faili Mahakama Kuu kwa kuona kuwa mahakama mbili zilizo sawa zinaweza kusaidiana, na kwamba kumrudisha mtu mwanzo kwa kosa la wakili wake ni dhuluma. Wako pia waliotumia kipimo alichokitumia jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2016, cha kutazama kusudio kuu la shughuli iliyozua ugomvi: kama kiini chake ni umiliki wa ardhi, iende kwa jaji wa ardhi, na kama ni biashara iliyopitia ardhini, iende Mahakama Kuu. Kwa kipimo hicho, mke anayesema hati ya rahani ni batili kwa kuwa hakuridhia anaweza kupata sikio katika mahakama ya ardhi, na mume anayelalamikia hesabu za riba asilipate. Lakini nyumba ya watoto wanne haiwekwi juu ya huruma ya jaji mmoja ilhali kuna njia iliyo salama zaidi.

Njia hiyo ni kutongoja uamuzi. Kesi ikifutwa kwa kukosa mamlaka, agizo la kuzuia mnada huanguka nayo siku hiyo hiyo, na dalali hana tena wa kumzuia isipokuwa kanuni zake mwenyewe. Mkwe na wakili wake wakiona kwamba hoja ya benki ina nguvu, na kwa maelezo ya barua hii tunaona inayo, waiondoe kesi wao wenyewe, wafungue mpya katika Mahakama Kuu ya Embu, na waombe zuio kwa hati ya dharura siku hiyo hiyo. Katika hati ya kiapo waieleze mahakama wazi kwamba kulikuwa na kesi ya kwanza na kwa nini imeondolewa. Wasifiche. Na wasithubutu kuziacha mbili ziende sambamba, moja huku na moja kule, kwa kudhani kwamba moja itashika. Kifungu cha 6 cha sheria ile ile kinakataza, na jaji akigundua huona kuwa mahakama imechezewa. Gharama za kesi iliyoondolewa huenda wakadaiwa. Ni hasara, lakini ni ndogo kuliko hasara ya nyumba.

Kuileta Mombasa hapana. Kifungu cha 12 kinataka kesi za kukomboa rahani au kuiuza zifunguliwe mahali ilipo mali yenyewe. Shamba liko Embu. Jamaa yao wakili anaweza kupanda basi akaenda, au akashirikiana na wakili wa huko, lakini shamba halipandi basi.

Wako wasomaji wetu walio Marekani ambao hutuuliza mambo yanayofanana na haya, kwa hivyo tuwape neno kidogo. Kule kuna mahakama za majimbo na mahakama za shirikisho, na sheria inamruhusu mshtakiwa kuihamisha kesi kutoka jimbo hadi shirikisho kwa kuwasilisha ilani ndani ya siku 30 tangu apokee karatasi za mashtaka. Ilani ikishawasilishwa, mahakama ya jimbo husimama. Baadhi ya watu wanaotolewa katika nyumba zilizouzwa kwa deni wameitumia njia hii ili wapate nafasi ya kupumua. Mara nyingi haifiki mbali. Kufukuzwa katika nyumba ni jambo la sheria ya jimbo, na tangu uamuzi wa mwaka 1908 wa Mahakama ya Juu ya nchi ile inajulikana kwamba swali la sheria ya shirikisho lazima lionekane katika madai ya mlalamishi mwenyewe, si katika utetezi wa mshtakiwa. Anayetegemea tofauti ya majimbo baina yake na mlalamishi naye ana vizingiti: thamani ya shauri ipite dola 75,000, na mshtakiwa aliyeshtakiwa katika jimbo lake mwenyewe hawezi kuhamisha kwa sababu hiyo. Kesi hurudishwa jimboni, na jaji anaweza kumtoza aliyeihamisha gharama za wakili wa upande wa pili. Anayeshauriwa na mtu wa mtaani kwamba karatasi moja ya shirikisho itaokoa nyumba, amuulize mtu huyo ni nani atakayelipa gharama hizo.

Nasi tuna la kumuuliza anayeshauri waende kwa Kadhi. Tunajua kwa nini moyo wa Muislamu huelekea huko, na laiti mamlaka ya Makadhi yangekuwa mapana zaidi. Katiba, kifungu cha 170, imewapa mambo manne tu: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na hata hayo ni pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele ya Kadhi. Benki haina dini. Hata benki zinazojitangaza kufuata sharia, zilizoanza kazi nchini mwaka 2008, huandikisha rahani chini ya Sheria ya Ardhi kama wengine, na mzozo wao na mteja huishia mahakama zile zile. Kadhi hawezi kuzuia mnada.

Anachoweza kufanya Kadhi ni kitu kingine, nacho si kidogo. Mke akikanushwa kuwa ni mke, Kadhi anaweza kuithibitisha ndoa yake. Na ikiwa hati miliki bado iko katika jina la marehemu, kama tunavyoona mara nyingi katika mashamba ya Meru na hata katika nyumba zetu za Mji wa Kale, Kadhi ndiye atakayesema warithi ni nani na fungu la kila mmoja. Hukumu hiyo huchukuliwa ikapelekwa kwa jaji kama ushahidi. Tukumbushane tu kwamba mirathi huja baada ya deni. Warithi wanaogawana shamba huku deni la marehemu limelala, wamegawana kisicho chao.

Sasa tufike kwa binti mwenyewe, kwani katika kurasa tatu za barua ametajwa kama mke wa fulani na mama wa fulani, na hakuna mahali palipoulizwa: je, yeye alitia saini?

Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinasema kwamba rahani juu ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo mwenye mali na mke au mume anayeishi naye katika nyumba hiyo wametia saini, au karatasi zenyewe zinaonyesha kwamba aliridhia. Mke zaidi ya mmoja akiwa anaishi humo, kila mmoja anahusika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 nayo, kifungu cha 12, inakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rahani bila ridhaa ya wote wawili. Kuna wanaosema kwamba Muislamu hahusiki, kwa kuwa kifungu cha 3 cha sheria hiyo ya 2013 kinamruhusu Muislamu kufuata sharia ya dini yake katika mali ya ndoa. Wamesoma sheria moja wakaiacha nyingine. Sheria ya Ardhi haikumtoa Muislamu katika kifungu cha 79.

Tunajua yanayotendeka. Wako wanaume waliokula kiapo mbele ya wakili kwamba hawana mke, na mke yuko nyumbani anachemsha chai. Wako wanawake waliopelekwa benki wakaambiwa, “Tia saini hapa, mama, ni utaratibu tu,” wakatia kwa kumstahi mume, na karatasi ikasema kwamba wameshauriwa na wakili wao wenyewe ambaye hawajamwona hata siku moja. Dada zetu, mtu asikuharakishe kwenye saini. Kuomba kuichukua karatasi nyumbani na kuisoma si kumvunjia mume heshima. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqarah, aya ya 282, ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, nayo ni aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani. Haingekuwa ndefu hivyo kama jambo hili lingekuwa la kupitishwa kwa haraka.

Ikiwa binti hakutia saini na hakuridhia, basi yeye mwenyewe ana madai, na ni madai yenye nguvu kuliko ya mumewe. Mume anabishana na benki juu ya hesabu. Mke anabishana juu ya uhalali wa rahani yote. Aingie katika kesi kwa jina lake, si kwa mgongo wa mumewe. Awe na cheti cha ndoa mkononi. Ikiwa ndoa haikuandikishwa, basi hapo ndipo safari ya kwa Kadhi ina maana. Na ikiwa alitia saini, bado hajakosa kila kitu, kwa sababu sheria inamtaka mkopeshaji ampelekee nakala ya ilani ya kuuza mke aliyeridhia, na nakala nyingine ibandikwe mahali pa kuonekana kwenye shamba au karibu nalo.

Ilani zenyewe zina hesabu yake. Mkopaji akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa ilani inayotaja kiasi anachodaiwa na kumpa muda usiopungua miezi 3 wa kulipa. Miezi hiyo ikipita, huja ilani ya pili, ya kuuza, yenye siku 40. Zikipita hizo, dalali naye anatakiwa na Kanuni za Madalali za mwaka 1997 kutoa siku 45 za kukomboa, na mnada usifanywe kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Anayehesabu ataona kwamba baina ya kushindwa na kupigwa nyundo ipo zaidi ya nusu mwaka. Muda huo ndio wa kuzungumza na benki, kutafuta mnunuzi kwa hiari, kuuza sehemu ya shamba. Mkopeshaji naye, akiwa Muislamu, ameamrishwa katika aya ya 280 ya sura ile ile amngojee mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa. Tatizo ni kwamba wanaume wengi huzificha ilani chini ya godoro kwa kuona haya, na mke hujua mambo siku anapoona wageni wanapima uwanja.

Lipo pia jambo la bodi ya ardhi, ambalo barua haikuligusa. Shamba lile ni la kilimo. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967 inataka idhini ya bodi ya mahali kwa kila shughuli ya ardhi ya kilimo katika maeneo yaliyotajwa, na rahani imo. Pasipo idhini hiyo, shughuli yote ni batili, ijapokuwa fedha zilizotolewa hubaki kuwa deni la kulipwa. Wakili aulizwe kama idhini ilitolewa na lini.

Na nyundo ikishaanguka, mambo hugeuka. Haki ya kuikomboa rahani huisha pale pale, na aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria; aliyedhulumiwa na mauzo mabaya hubaki na dai la fidia dhidi ya aliyeuza. Kisha mmiliki mpya huja kudai nyumba iwe tupu. Hapo si hesabu za mkopo tena, ni nani anakaa juu ya ardhi ya nani, na kwa kawaida kesi hiyo ya kuwatoa waliomo hurudi kule kule kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Familia iliyofukuzwa mlangoni kwa kuambiwa hapa si mahali pa rahani, huitwa tena kwenye mlango huo huo kuulizwa kwa nini haijahama. Wapo waliodhani kuwa kuitwa huko ni nafasi ya kuanza upya kubishana na benki. Sivyo, jaji atataka kujua hati iko kwa jina la nani.

Kwa hivyo, mama yetu, kabla ya tarehe ya uamuzi binti na mumewe waende masijala ya mahakama Embu, watoe nakala ya faili yote, na waombe ofisi ya usajili wa ardhi nakala ya hati ya rahani yenye saini zote. Kila ilani iliyofika nyumbani itafutwe, hata zile za chini ya godoro, na juu ya kila moja iandikwe siku iliyopokewa na aliyeipokea. Wakili awe nazo mezani kabla hajaamua ni mlango upi wa kubisha.